Kumpinga Bibi Agathe

Sidnoma Tapsoba alijua maneno saba ya Kiingereza ya kumwita mtu bahili, na maishani mwake hakuwahi kumwita mtu bahili kwa lugha yoyote. Maneno hayo, pamoja na mengine elfu mbili na mia tatu, aliyaandika kwenye vikadi akavitia mfukoni mwa koti lake la maabara, akawa anavitoa kimoja kimoja huku akisubiri fukusi wafe. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake: kutia fukusi ndani ya mitungi ya kunde katika kituo cha utafiti hapo Ouagadougou, kuifunga mitungi isipitishe hewa, na kuandika waliokufa ni wangapi. Kazi hiyo aliiweza. Ripoti yake moja ilivuka bahari ikamfikia profesa wa Marekani, ambaye aliisoma mara mbili, akaandika: njoo ufanye shahada ya uzamivu hapa kwangu, nafasi ipo, chuo kinataka tu upate mia na hamsini kwenye sehemu ya lugha ya mtihani wa kuingilia.

Hilo "tu" ndilo lililomtoa jasho. Mara ya kwanza alipata mia na thelathini na nane. Mara ya pili, baada ya miezi minane ya kukumbatia kamusi, akapata mia na thelathini na tisa. Msomaji asidhani hizo ni alama. Mtihani wenyewe huanzia mia na thelathini. Mtu akiingia, akaketi, akapitiwa na usingizi, akiamka atazikuta mia na thelathini zinamngoja. Kwa hiyo miezi minane ilikuwa imemweka Sidnoma alama tisa mbele ya mtu aliyelala. Profesa akaandika tena, kwa ule upole wa Kimarekani unaompa mtu habari mbaya na kumtakia wikiendi njema. Angemshikia nafasi mpaka mtihani wa Machi. Baada ya hapo angempa mwingine.

Maji yalipomfika shingoni, Sidnoma akaenda mtaa wa Dapoya kwa Mwalimu Philomène Toé. Mama huyo alikuwa amefundisha Kiingereza sekondari miaka thelathini na mmoja, akastaafu, akaendelea kufundisha uani kwake kwa kuwa hakuona sababu ya kunyamaza. Getini Sidnoma alimkuta mama yake mwalimu, Bibi Agathe, ameketi kwenye kiti cha kamba, anamenya karanga.

"Jina la ukoo?" bibi aliuliza, kama askari wa mpakani.

"Tapsoba, Bibi."

Bibi Agathe aliweka bakuli chini. "Philomène! Toka nje uone! Mtumwa wetu aliyetoroka amerudi kwa miguu yake, tena amenona."

Tapsoba ni jina la Wamosi na Toé ni jina la Wasamo, na Wamosi na Wasamo ni watani tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Nani alimkosea nani kwanza, kila upande una hakika ni ule mwingine. Wakikutana hutukanana, na mmoja akikaa kimya mwenzake humuuliza kama anaumwa.

"Sikurudi, Bibi," Sidnoma alisema. "Nilichinja mbwa, kichwa chake kikaibwa. Nimefuata harufu mpaka hapa."

Bibi, ambaye kama Msamo yeyote alizoea kutaniwa na Wamosi kuwa anapenda kichwa cha mbwa, alicheka mpaka karanga zikamwagika. Basi huyo alikuwa Sidnoma wa getini.

Sidnoma wa darasani alikuwa mtu mwingine kabisa. Mwalimu Toé naye alikuwa Msamo, lakini alishika chaki, na mbele ya chaki Sidnoma aliketi amebana magoti, macho chini. Mwalimu alimpa habari ishirini fupi fupi za Kiingereza. Kila moja mwandishi wake alikuwa anadai jambo, na chini yake kulikuwa na swali lile lile: kati ya hoja hizi tano, ipi ingedhoofisha zaidi madai ya mwandishi? Sidnoma alizisoma zote bila kukwama hata neno moja. Akapata moja.

"Moja," Mwalimu Toé alisema. "Tapsoba, mbuzi akitembea juu ya karatasi hii anapata manne. Kukosa kumi na tisa ni kazi. Umefanyaje?"

"Sijui, Mwalimu."

"Tuchukue hii. Mji fulani ulifunga sinema, mwaka huo ndoa zikapungua, mwandishi anadai sinema ndiyo iliyokuwa ikiozesha watu. Hapa pana jibu linasema mwaka ule ule kiwanda kilifungwa, vijana wote wakahama. Uliliona?"

"Nililiona, Mwalimu."

"Ulilielewa?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ukaliacha, ukachagua hili linalosema vijana wengi hukutana sinema. Hili linamuunga mkono! Swali linataka umwangushe."

Sidnoma alifikiri. "Sikuona sababu ya kumwangusha, Mwalimu. Hajanikosea kitu."

"Na kama anayosema si kweli?"

"Atakuwa na sababu zake. Ni mtu aliyesoma."

Wala hakuwa anafanya mzaha. Alipokuwa darasa la tatu, mwalimu wao aliandika ubaoni kwamba saba mara nane ni hamsini na nne. Watoto tisini wakanakili hamsini na nne. Sidnoma alijua ni hamsini na sita, akanakili hamsini na nne kwa mwandiko mzuri, na baba yake, alipoliona daftari, akamwambia mwalimu akisema hamsini na nne basi kwa mwaka huo ni hamsini na nne. Kwao mtoto hamkatizi mkubwa, hamtazami usoni, na akimwona mkubwa anaelekea shimoni humwambia kwamba njia ni nzuri ila huku upande wa pili kuna kivuli. Mtu aliyelelewa hivyo kwa miaka ishirini na tisa, ukimpa mwandishi aliyechapishwa kitabuni na kumwambia amdhoofishe, atamtafutia mwandishi huyo kiti.

Mwalimu Toé akamwambia aende, atafikiri. Alipofika getini, Bibi Agathe alikuwa anamngoja.

"Mwaka huu mtama utakuwa haba," bibi alisema, "kwa sababu Wamosi wamejaa mjini."

"Bibi, Wamosi tunaongezeka kila mwaka. Mbona mwaka juzi maghala yalifurika? Tena mtama haulimwi mjini, unalimwa shambani. Tukijaa huku, huko nafasi inazidi. Tena kama kuna mtu anamaliza mtama, mtafuteni kwenye pombe yake. Mimi sijaona Mmosi anatoka kilabuni kabla Msamo hajabebwa."

Mwalimu Toé alikuwa amesimama mlangoni, chaki mkononi. Alikuwa amesikia dai moja likibomolewa kwa hoja tatu, kwa pumzi moja, na mtu aliyepata moja kati ya ishirini.

"Tapsoba," aliita. "Rudi ukae."

Akarudi, akakaa, akabana magoti.

"Huyu mwandishi wa sinema, unamjua?"

"Hapana, Mwalimu."

"Mimi namjua. Ni Msamo."

Sidnoma aliitazama karatasi. "Mbona jina halikuandikwa?"

"Mtihani huu hauandiki majina. Unafikiri ni kwa nini? Wote ni Wasamo, wanaona haya."

"Wote?"

"Toka wa kwanza mpaka wa mwisho."

Sidnoma akaisoma upya ile habari ya sinema. Aliisoma polepole, na kadiri alivyosoma ndivyo kitu fulani usoni mwake kilivyolegea. "Huyu mtu," alisema mwishowe, "ana akili kweli?"

Tangu siku hiyo kiti cha kamba kikahamia darasani. Mwalimu alisoma habari kwa Kiingereza, akamfasiria mama yake kwa Kimosi, na Bibi Agathe, ambaye shule aliyosoma ilikuwa ya ubatizo tu, aliyapokea madai yote kama yake ya kuzaliwa nayo. "Ndiyo, mimi nimesema," alianza kila mara. "Unasemaje, mtumwa?" Ndani ya miezi mitatu Bibi Agathe alidai kwamba nyuki hucheza ngoma kwa sababu ya baridi, kwamba wanawake wa Uingereza waliandika riwaya kwa kukosa mashamba, na kwamba kuna mwezi wa mbali wenye bahari chini ya barafu, ambao aliutetea kwa jazba kubwa bila kutaka kujua uko upande gani. Sidnoma alimwangusha. Mwanzoni kwa Kimosi, halafu kwa Kifaransa, halafu kwa Kiingereza, huku mwalimu akifasiri matusi ya pande zote mbili. Bibi akishindwa hakukubali. Alimwambia avae viatu vizuri kama watu, kisha akaagiza aletewe kibuyu cha maji ya unga wa mtama yenye tangawizi, anywe, asije akasema Wasamo wamemuua kwa kiu.

Heshima si utumwa, wahenga walisema, lakini hawakumwambia Sidnoma tofauti iko wapi. Bibi Agathe alimwonyesha. Na yeye alimpenda yule bizee. Alimpenda kiasi kwamba siku zisizo na darasa alipita Dapoya bila sababu, akatukanwa getini, akaenda zake kazini na moyo mweupe.

Mwezi wa kwanza, majaribio ya mwalimu yalimpa mia na arobaini na tatu. Wa pili, mia na arobaini na saba. Mwanzoni mwa Machi akapata mia na hamsini na moja, na Bibi alipoambiwa alisema mwalimu amekosea kuhesabu.

Wiki moja kabla ya mtihani, Sidnoma alimkuta ameshika bakuli la karanga bila kumenya.

"Bibi, karanga zimekushinda?"

"Nazionea huruma. Zina sura ya Kimosi."

Alikohoa kidogo, akamfukuza aende darasani.

Mtihani ulikuwa Jumamosi. Alhamisi alipofika kwa darasa la mwisho, kiti cha kamba kilikuwa kimeegemezwa ukutani.

"Bibi yuko wapi?"

"Amekwenda kijijini," Mwalimu Toé alisema.

"Ghafla hivi?"

"Ni mtu mzima, haombi ruhusa. Kaa."

Siku hiyo mwalimu alisoma habari mwenyewe, kwa sauti yake mwenyewe, ikawa ni habari tu. Sidnoma alimwangusha mwandishi mara tano katika tano. "Vizuri," mwalimu alisema. Hakuwahi kusema vizuri hata siku moja. Sidnoma alidhani ni hofu ya mtihani imemwingia kwa niaba yake, akafarijika kwamba hayuko peke yake. Mwalimu alimruhusu aondoke nusu saa kabla ya wakati. Kitambaa chake cha kichwa alikuwa amekifunga vibaya.

"Msalimie Bibi," Sidnoma alisema. "Mwambie nikimaliza mtihani nakuja na kamba, safari hii simwachi."

"Nitamwambia," alisema mwalimu.

Jumamosi aliketi mbele ya kompyuta katika chumba chenye baridi ya kuhifadhia nyama. Ikaja habari ya vyungu vya kale, ikaja ya mahakama, ikaja ya samaki wasio na macho, na kila moja ilipoanza kudai alimsikia Bibi Agathe: ndiyo, mimi nimesema. Alimjibu. Msimamizi alimwonya mara mbili aache kuchezesha midomo, na mara ya tatu akaandika kwenye fomu kwamba mtahiniwa alicheka. Saa saba mchana kioo kilimwonyesha alama zake za lugha: mia na hamsini na tatu.

Alitazama mpaka msimamizi akamwambia atoke. Kisha akaenda sokoni, akanunua kanga wawili wazima wa kufuga, akawafunga miguu na kuwaning'iniza kwenye usukani wa pikipiki, kichwa chini, kama inavyompasa mtu anayekwenda kushukuru. Geti la Dapoya lilikuwa na kufuli. Fundi cherehani wa nyumba ya pili ndiye aliyemwambia.

"Kwani hujui? Bibi amefariki. Jumatano alfajiri. Walimpeleka kwao siku ile ile, wamemzika jana."

"Jumatano," alisema Sidnoma.

"Jumatano. Mwalimu alibaki, akaondoka Alhamisi jioni. Alisema ana mwanafunzi."

Jumapili asubuhi Sidnoma alishika njia ya Toma, kwao Bibi, saa nne za vumbi, kanga wakilalamika njia nzima. Alikuwa na huzuni, lakini juu ya huzuni alikuwa na hasira, na hasira hiyo hakujua pa kuiweka kwa kuwa hakuwahi kuwa nayo juu ya mtu aliyemzidi umri. Msamo akifa, Mmosi ndiye wa kufika mbele. Ndiye anayelala ndani ya kaburi na kukataa kutoka mpaka wafiwa wambembeleze. Ndiye anayevaa nguo za marehemu, akatembea kama yeye, akawatukana waombolezaji kwa sauti yake, ili watu wacheke kidogo ndipo waweze kulia. Bibi Agathe alikuwa na mtani wake mjini, tena anayemwona kila wiki. Akazikwa kimya kimya kama mtu aliyefia ugenini.

Aliwakuta wamekaa chini ya turubai, wazee kwenye mabenchi, wanawake mikekani. Mwalimu Toé alikuwa kwenye mkeka wa mbele, macho makavu, mgongo umenyooka kama yuko mbele ya darasa. Watu walisikia jina la Tapsoba wakaanza kutabasamu wakingoja matusi. Sidnoma aliwaweka kanga chini. Hakutukana. Alimtazama mwalimu wake usoni.

"Mwalimu, umekosea."

Watu wote waligeuka kumtazama.

"Ulikuwa na mtihani," Mwalimu Toé alisema.

"Hiyo si hoja. Alifariki Jumatano, mtihani Jumamosi. Ningekuja Alhamisi, nikamlilia, nikamzika, Ijumaa usiku niko kwangu. Pikipiki ninayo. Tena unasema ulifanya kwa faida yangu. Hukuniuliza. Tena umeamua mtihani ni mkubwa kuliko yeye. Nani alisema? Mimi sikusema. Nilikuwa mtu wake wa kumzika, Mwalimu, ukaninyang'anya, ukanisomea habari tano za Kiingereza."

Mzee mmoja alikohoa. Hakuna aliyemkemea, kwa kuwa hawakujua kama huo ulikuwa utani au la, na mwalimu, aliyejua, alikuwa anamtazama kama anayesahihisha.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Umepata ngapi?"

"Mia na hamsini na tatu."

Alifumba macho kidogo, akafumbua. "Sasa nisikilize. Ungekuja, ungeuona uso wake. Ungemvalia nguo zake, ungewachekesha hawa wote, halafu ungerudi Ouaga. Jumamosi wakuwekee habari ya kwanza. Nani angekuambia 'mimi nimesema'? Ungesoma ukijua amekufa. Mimi nilitaka awe hai mpaka saa saba mchana."

Sidnoma aliitafuta hoja ile mahali pa kuivunjia. Aliigeuza huku na huku, kwa Kimosi, kwa Kifaransa, kwa Kiingereza. Haikuwa na tundu. Machozi yakamtoka mbele ya watu, naye hakuyafuta.

"Nguo zake ziko wapi?" aliuliza mwishowe.

Mwanamke mmoja aliingia ndani akatoka na kitambaa cha kichwa na kitenge cha rangi ya udongo. Sidnoma alijifunga kitenge juu ya suruali, akajitanda kitambaa, akakokota kiti, akaketi kwa kujishusha taratibu, mkono kiunoni, kama alivyokuwa akiketi yeye. Kicheko cha kwanza kilitoka kwa watoto.

"Philomène!" aliita, na ile sauti ilipotoka wazee wawili waligeuka kwa mshtuko. "Hawa ni akina nani wamejaa uani kwangu? Nimekufa siku nne tu mmeshaanza kula kanga za watu? Na huyu kaka yangu hapa, mbona analia upande mmoja? Jicho la pili anawekea mirathi?"

Turubai lilipasuka. Yule mzee akasimama kujitetea, Bibi Agathe akamwangusha. Akasimama mwingine, naye akaangushwa, kwa hoja tatu na tusi moja. Watu wakashika mbavu. Mwalimu Toé naye alikuwa anacheka, mkono mdomoni, mabega yakimtikisika, akajikokota kwenye mkeka mpaka miguuni pa kiti.

"Mama," alisema. "Mtumwa wako amefaulu. Anakwenda Marekani. Unasemaje?"

Chini ya kile kitambaa Sidnoma alitafuta jibu ambalo lingekuwa lake yule bizee na si lake yeye.

"Nimemngoja tangu Jumatano," Bibi Agathe alisema. "Amechelewa."

Hapo Mwalimu Toé akaweka kichwa chake juu ya kile kitenge, akaanza kumlilia mama yake, kwa sauti kubwa, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya Jumatano.